Barafu na Kahawa za Mlima Mmoja

Mlima Kilimanjaro umejaliwa vitu viwili ambavyo ulimwengu unavipenda sana: barafu kileleni na kahawa miguuni. Kutoka katika kihamba ambamo mama yangu alichuma kahawa kwa zaidi ya miaka 60 hadi mahali barafu inapoanza ni mwendo wa siku tatu kwa miguu, na asubuhi isiyo na mawingu Kibo huonekana waziwazi kutoka uani kwetu. Hata hivyo, katika maisha yangu yote sikuwahi kuona vitu hivyo viwili vikikutana ndani ya kikombe kimoja mpaka Desemba ya mwaka 2024. Na hata vilipokutana, barafu haikutoka Kibo. Ilitoka katika mashine iliyoletwa na binti yangu kutoka Dubai.

Nilifundisha historia katika shule za sekondari kwa miaka 34. Kazi hiyo humwachia mtu ugonjwa mmoja usio na dawa: akiona kitu chochote, hata kijiko, huuliza kilitoka wapi na kilipitia mikononi mwa nani. Ndivyo ilivyokuwa kwa mashine ile. Wajukuu walitaka kuonja tu. Mimi nilitaka kujua kwa nini kinywaji kinachohitaji barafu na kahawa kilizaliwa katika nchi za wenzetu, hata zile zisizoota mbuni hata mmoja, kisizaliwe kwetu ambako vyote viwili vilikuwepo.

Msomaji anayewafahamu Wachagga anajua kuwa mwezi wa Desemba watoto hurudi nyumbani, hata wale waliosahau njia mwaka mzima. Binti yangu wa pili, anayefanya kazi Dubai, alikuja na boksi moja zito kuliko mizigo yake mingine yote. Ndani yake mlikuwa na tangi la plastiki linaloonyesha hadi ndani, limelazwa juu ya mtambo mdogo wa friji wenye kompresa na feni. Katikati ya tangi kulikuwa na silinda ya chuma, na kuizunguka silinda hiyo kulikuwa na parafujo pana ya plastiki. Mbele kulikuwa na mpini wa kufungulia kinywaji. Plagi yake ilikuwa ya meno matatu kama za kwetu, basi ikachomekwa ukutani bila shida.

"Baba, hii ni ya slashi," alisema. "Unaweka kahawa na maziwa, unasubiri kidogo, unapata uji wa barafu."

"Uji wa kahawa?"

"Wa kahawa, Baba. Huko watu wanaupangia foleni."

Mimi nina ugonjwa wa kisukari tangu mwaka 2009. Kwa hiyo, kama mkuu wa kaya, nikatoa amri kwamba mchanganyiko wa kwanza usiwekwe sukari, ili nami nipate kunywa. Binti alijaribu kunieleza jambo, lakini mwalimu mstaafu hasikilizi upesi. Tukamimina kahawa nyepesi na maziwa, tukawasha, tukakaa kuizunguka mashine kama watu wanaosubiri taarifa ya habari.

Kwa dakika 20 hivi hakikuonekana kitu. Kisha ukungu mweupe ukaifunika ile silinda, ukawa utando, utando ukawa gamba. Parafujo ikaanza kugugumia. Mara ikasimama kabisa, taa ikawa inawaka na kuzima, na tulipofungua tukakuta silinda imevaa barafu ngumu kama jiwe huku kahawa iliyobaki ikiwa majimaji vilevile. Wajukuu walicheka. Mama yangu, ambaye ana miaka 89, alikuwa ameketi kwenye kiti chake karibu na mlango. Aliuliza kama chombo kimekufa siku ileile kilipofika.

Hakikufa. Tuliizima mashine, barafu ikayeyuka, na jioni ile binti yangu akapata nafasi ya kusema alichotaka kusema mwanzoni: mashine hii haifanyi kazi bila sukari. Nikamwuliza sababu. Akanieleza kwa ufupi, na mengine nikajikumbusha mwenyewe kutoka katika masomo ya sayansi niliyoyaacha zamani.

Maji matupu huganda katika nyuzi sifuri. Yakifika hapo, yanaweza kuganda yote yakawa kipande kimoja. Ukiyeyusha sukari ndani yake, chembe za sukari huyazuia maji yasishikamane upesi. Gramu 100 za sukari katika lita moja ya maji hushusha kiwango cha kuganda kwa karibu nusu nyuzi. Hiyo yaonekana ndogo, lakini siri iko mbele zaidi. Maji yanapoanza kuganda, hayaibebi sukari. Sukari hubaki katika maji ambayo bado hayajaganda, na kadiri maji hayo yanavyopungua ndivyo sukari yake inavyokolea, na ndivyo yanavyohitaji baridi kali zaidi ili nayo yagande. Kwa hiyo daima hubaki sehemu ambayo ni majimaji matamu, na ndani yake huelea punje ndogo ndogo za barafu. Huo ndio uji wa barafu.

Kazi ya pili ni ya parafujo. Silinda ndiyo yenye baridi. Barafu huzaliwa juu ya ngozi yake. Parafujo huikwangua barafu hiyo kabla haijakomaa na kuichanganya na kinywaji. Ukiacha kahawa kwenye friji ikagande polepole bila kuguswa, chembe za barafu hukua kubwa na ulimi huzihisi kama mchanga. Zikikwanguliwa bila kupumzika hubaki ndogo, na ulimi huziita laini. Maziwa nayo yana mafuta na protini. Haya hukaa kati ya chembe za barafu na kushika hewa kidogo inayoingizwa na mzunguko, ndipo kinywaji kikawa kizito kama malai. Sukari, mafuta na mwendo: kikikosekana kimoja, unapata jiwe au unapata maji.

Nilipokwisha kuyaelewa hayo nilirudi kwenye swali langu, na mtu wa kwanza kunijia akilini alikuwa mwenye mlima mwingine.

Katika kisiwa cha Sicilia, kusini mwa Italia, uko mlima wa volkano uitwao Etna, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,300. Nao, kama Kilimanjaro, una theluji juu na mashamba chini. Lakini watu wa Etna waliifanya theluji yao kuwa mazao. Wakati wa baridi waliikusanya, wakaishindilia katika mashimo na mapango, wakaifunika vizuri, na joto lilipofika waliishusha usiku kwa nyumbu hadi mijini. Iliuzwa hata nje, ikapelekwa Malta kwa mashua. Katika karne ya 18 Askofu wa Catania alikuwa akipata sehemu ya mapato yake kutokana na theluji ya mlima huo. Theluji hiyo ilichanganywa na maji ya matunda na sukari, au na asali, na baadaye na kahawa. Mpaka leo mtu akienda Messina au Catania asubuhi ya kiangazi atawakuta watu wakila granita ya kahawa, barafu iliyokwanguliwa ikawa chembechembe, pamoja na malai na mkate laini.

Neno wanalotumia Waitalia kwa barafu tamu ya matunda, sorbetto, ni ndugu wa damu wa neno letu sharubati. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, moja likapita Uturuki, jingine likavuka bahari hadi pwani yetu. Kahawa ni neno la Kiarabu, theluji ni la Kiarabu, na barafu ni la Kiajemi. Tulikuwa na majina ya vitu hivyo vyote kabla hatujawa na kikombe.

Ni Msicilia pia, Procopio dei Coltelli, aliyefungua mkahawa mjini Paris mwaka 1686, akauza kahawa na barafu tamu chini ya paa moja. Lakini tukumbuke ni nani waliokaa kwenye meza zake: wenye nafasi na wenye fedha. Theluji ilihitaji nyumbu, mashimo, watumishi na safari za usiku. Katika joto la Julai, kijiko cha baridi kilikuwa kitu cha bwana.

Na sisi je? Hapa ndipo hadithi ya mlima wangu inapoanza kuniuma kidogo.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliuona mlima wa Kilimanjaro na weupe uliokuwa kileleni mwake. Alipomwuliza kiongozi wake wa safari kitu kile ni nini, aliandika kwamba yule mtu hakuwa na jina la kukiita, akakiita tu "baridi". Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kufika Afrika, alikataa katakata kuwa theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Katika maandishi ya wamisionari wale imo pia habari ya watu waliotumwa kupanda na kuitazama ile nyeupe iliyodhaniwa kuwa fedha. Walichoshuka nacho kikawa maji tu.

Nilikuwa nikiisoma habari hiyo darasani na wanafunzi wakicheka. Mimi sikucheka, maana niliwahi kuiona kwa macho yangu. Baba yangu alikuwa mpagazi wa watalii, na mwaka 1964, nikiwa na miaka minane, alinishusha matumaini kwa siku tano nzima kwa kuniahidi kuwa ataniletea barafu ya Kibo. Aliivunja, akaitia ndani ya kibuyu kilichofungwa majani makavu ya mgomba, akaibeba juu ya mzigo wa mzungu. Alipofika nyumbani akakifungua kibuyu mbele yangu. Yalikuwa maji. Akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeapa mbele ya baraza, "Ilikuwa barafu." Nikayanywa yale maji. Yalikuwa na ladha ya kibuyu.

Basi tusiseme kuwa watu wetu hawakufikiria. Walipanda, walivunja, walibeba. Lakini njia kutoka kileleni Kibo hadi vihambani ni ndefu na inapita katika joto, na hakukuwa na mji mkubwa wa matajiri chini ya mlima wa kulipa gharama ya mashimo na nyumbu. Barafu bila mnunuzi ni maji yanayochelewa.

Kahawa nayo ilikuja kwetu mwishoni mwa karne ya 19, ikapandwa na wamisionari Wakatoliki huko Kilema, na kutoka hapo ikaenea kihamba hadi kihamba, chini ya kivuli cha migomba. Wazungu walowezi hawakufurahi kuona Mwafrika akilima zao lilelile wanalolima wao. Wachagga waliitetea haki hiyo kwa kujiunga pamoja: mwaka 1925 kilianzishwa chama cha wakulima wenyeji wa Kilimanjaro, na mwaka 1933 kikafuatiwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika ambacho jina lake kila mtoto wa Moshi alilijua kabla ya kujua kusoma. Kahawa ilijenga shule, ikaezeka nyumba kwa mabati, ikanilipia ada mimi na ndugu zangu watano.

Lakini hatukuinywa. Hili huwashangaza wageni, na wala si siri. Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa, ambayo majani yake hatukuyalima. Sherehe zilikuwa na mbege. Kahawa ilichumwa, ikamenywa kwa mashine ya mkono, ikavundikwa, ikaoshwa, ikaanikwa kwenye vichanja, ikafungwa katika magunia, ikaenda kwenye chama cha msingi. Kuichukua punje moja ya kukaanga ilikuwa kama kuchoma noti. Kikombe changu cha kwanza cha kahawa nilikinywa Tanga, nikiwa kijana wa chuo, kutoka kwa mzee aliyekuwa akitembea na dele lake na kugonganisha vikombe. Ilikuwa kahawa chungu, na kipande cha kashata. Nilikuwa na miaka 20, mtoto wa kahawa, na sikujua ladha yake.

Lipo jambo jingine ambalo sisi wanaume hatupendi kulisema. Mgomba ulikuwa wa mwanamke, mbuni ulikuwa wa mwanamume. Mama alichuma, alimenya, aliosha, aligeuza kahawa kwenye vichanja mvua ilipotishia. Jina kwenye kitabu cha chama lilikuwa la baba, na fedha ziliingia mfukoni mwa baba. Baba hakuwa mtu mbaya. Ndivyo dunia ya wakati ule ilivyopangwa. Lakini mkono uliozijua zile punje zaidi ya mkono mwingine wowote haukupata fedha yake wala kikombe chake.

Wakati sisi tulipokuwa tukipeleka magunia chini, upande mwingine wa dunia watu walikuwa wakihangaika na baridi. Mwaka 1843 mwanamke Mmarekani, Nancy Johnson wa Philadelphia, alipata hataza ya chombo cha kutengenezea aiskrimu chenye mpini wa kuzungusha kwa mkono. Mchanganyiko ulikaa katika kopo, kopo likazungukwa na barafu iliyotiwa chumvi, kwa maana chumvi huishusha barafu chini sana ya nyuzi sifuri, na ndani yake visu vilikwangua bila kukoma. Hapo ndipo kazi ya parafujo ya binti yangu ilipoanza. Nyumba ya kawaida ilipata mzunguko. Baridi yenyewe ilibidi bado inunuliwe, ikikatwa kwenye maziwa yaliyoganda wakati wa kipupwe.

Baridi ilipokuja kutengenezwa kwa mtambo, mashine ya uji wa barafu ilizaliwa kwa ajali. Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika mji wa Coffeyville jimbo la Kansas, Omar Knedlik alikuwa na duka la aiskrimu na mashine yake ya soda ikaharibika. (Mji huo haukuitwa hivyo kwa sababu ya kahawa; ulipewa jina la mtu aitwaye Coffey.) Aliziweka chupa za soda kwenye friji ya kugandishia ili zipoe. Zikapitiliza, zikawa nusu maji nusu barafu, na wateja wakazipenda kuliko soda yenyewe. Knedlik akajenga mashine ya kutengeneza hali ile kwa makusudi, akianza na kipoza hewa cha gari. Kinywaji chake kikaitwa ICEE, na mwaka 1965 maduka ya 7-Eleven yakapata kibali cha kuuza kinywaji cha aina hiyo, kilichokuja kuitwa Slurpee.

Mashine moja ya Slurpee ilionwa na mwenye mgahawa wa Dallas, Mariano Martinez, aliyekuwa akihangaika kwa kuwa wahudumu wake walishindwa kutengeneza vileo vya barafu vya ladha moja kila siku. Alichukua mashine ya zamani ya aiskrimu laini, akaifanyia marekebisho, na tarehe 11 Mei 1971 ikaanza kumtolea kileo kiitwacho margarita kikiwa uji wa barafu. Mashine hiyo leo imehifadhiwa katika makumbusho ya taifa ya historia mjini Washington. Ni tarehe ileile ambayo Rebmann aliiona theluji yetu, miaka 123 kabla yake. Sisemi kwamba jambo hilo lina maana yoyote. Mwalimu wa historia hapendi tarehe ipite hivihivi.

Zamu ya kahawa ilifika mwaka 1992 mjini Boston. Maduka ya The Coffee Connection, yaliyoanzishwa na George Howell, yalianza kuuza kahawa ya maziwa iliyogandishwa katika mashine ya aiskrimu laini, wakaiita Frappuccino. Mwaka 1994 Starbucks waliyanunua maduka hayo pamoja na jina hilo, na mwaka 1995 wakakieneza kinywaji hicho katika maduka yao, wakitumia blenda na vipande vya barafu. Kisha ulimwengu wote ukanywa.

Naomba msomaji aiangalie miaka hiyo kwa makini. Mwezi Julai mwaka 1989 makubaliano ya kimataifa yaliyokuwa yakigawa mafungu ya kuuza kahawa, na hivyo kulinda bei, yalivunjika. Bei ikaanguka, na kufikia mwaka 2001 pauni moja ya kahawa kwenye soko la dunia ilikuwa chini ya senti 50 za Marekani. Kwa hiyo miaka ileile ambayo kahawa baridi ilikuwa ikipambwa kwa malai na kuuzwa ghali katika miji ya mbali, kijijini kwetu watu waliiacha mibuni izeeke, wakapanda nyanya na mahindi. Sisemi kuwa kikombe cha Boston ndicho kilichotudhulumu. Mambo ya bei yana mizizi mingi. Nasema tu kwamba thamani ilikuwa imehamia kikombeni, na kikombe hakikuwa chetu.

Mlima nao ulikuwa ukibadilika. Kati ya mwaka 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza karibu asilimia 85 ya eneo la barafu yake. Baba alifariki mwaka 1998, na barafu aliyoivunja akaitia katika kibuyu sijui kama mahali pake pana kitu zaidi ya changarawe.

Mwaka 2024 kampuni ya SharkNinja ya Marekani ilitoa mashine ya uji wa barafu ya kukaa juu ya meza ya jikoni, na mashine za namna hiyo zikaenea katika nyumba za watu. Kitu kilichokuwa cha askofu, kisha cha mkahawa, kisha cha duka, kikawa cha nyumbani. Hivyo ndivyo moja ya mashine hizo ilivyofika katika kihamba chetu, na hivyo ndivyo nilivyokuwa nimeiharibia siku yake ya kwanza kwa ubishi.

Siku ya pili nilimwacha binti aongoze. Kahawa haikutoka dukani. Katika kihamba bado tuna mibuni michache ambayo mama alikataa isikatwe hata bei ilipokuwa mbaya kabisa. Tulichukua kahawa yetu wenyewe, tukaitwanga kinuni kuondoa ganda, tukaikaanga katika sufuria hadi ikawa na rangi ya udongo wa mvua, tukaitwanga tena. Gramu 60 za unga huo tuliziloweka katika nusu lita ya maji ya moto, tukachuja kwa kitambaa. Tukayeyusha humo gramu 150 za sukari kahawa ingali ya moto, kwa maana ikipoa sukari hukaa chini. Tukaongeza nusu lita ya maziwa ya ng'ombe wetu, yaliyochemshwa na kupozwa pamoja na malai yake. Vyote vikakaa kwenye friji mpaka vikawa baridi, maana ukiipa mashine kitu cha moto unaichosha bure. Ndipo tukamimina.

Safari hii ukungu ulipotokea, parafujo iliukwangua. Mchanganyiko ukageuka rangi, kutoka hudhurungi ya kawaida ukawa mweupe-mweupe kama mchanga wa pwani, kisha ukaanza kupanda na kujikunja nyuma ya parafujo kama unga wa ugali unaokaribia kuiva. Umeme ulikatika mara moja, tukaguna wote, ukarudi. Baada ya karibu saa nzima binti alivuta mpini na uji ukashuka, laini, bila chembe ya kuumiza jino.

Kikombe cha kwanza kikaenda kwa mwenye umri mkubwa, kama ipasavyo. Binti yangu alipiga goti kidogo, akampa bibi yake kwa mikono miwili pamoja na kijiko. Mama alionja, akafumba macho kwa baridi, akaonja tena.

"Ni tamu," alisema. "Kahawa ndiyo ipi humu?"

Sote tulinyamaza. Aliuliza kwa dhati. Alikuwa ameijua kahawa kwa rangi ya tunda, kwa utelezi wa ganda, kwa harufu ya maji ya kuoshea, kwa uzito wa gunia mgongoni. Ulimini hakuijua.

"Ni ule uchungu unaobaki mwishoni, Bibi," alisema binti yangu. "Ukishameza."

Mama akachukua kijiko kingine, akakingoja. "Ahaa," alisema. "Nimeupata." Kisha akauliza kikombe kama kile huko Dubai kinauzwa kiasi gani. Binti akataja bei kwa dirhamu, akaigeuza kuwa shilingi. Mama akauliza mna kahawa kiasi gani ndani yake. Binti akahesabu: gramu kumi hivi, Bibi. Mama akakitazama kiganja chake, akakikunja kana kwamba ana punje kadhaa ndani anazipima. Alikuwa akipima kahawa kwa kiganja hicho kabla mimi sijazaliwa, na hakuhitaji mtu wa kumfanyia hesabu iliyobaki.

"Basi niongezee," alisema.

Tukamwongezea. Mimi nilikunywa vijiko vitatu, kwa sababu ya ugonjwa wangu, nikaridhika. Usiku binti aliifungua mashine yote, akaosha kila kipande kwa maji ya moto na sabuni, kwani maziwa yakibaki katika maungio huchacha na kuleta maradhi. Januari aliporudi kazini aliiacha mashine hapa, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa alichokifuma mama.

Huwa tunaiwasha Jumapili, umeme ukiwepo. Asubuhi hizo mama hujikongoja mwenyewe hadi kwenye ile mibuni michache, akachagua zilizoiva, akaacha zile za kijani, kama alivyofanya siku zote. Tofauti ni kwamba sasa akirudi hapeleki kikapu kwa mtu. Hukiweka jikoni, akakaa kwenye kiti chake karibu na mlango, akangoja.